Baiskeli ya kiangazi, miguu ya masika

Mwaka wa kwanza niliacha baiskeli mwezi Machi. Sikukaa chini nikaamua kuacha. Mvua ilinyesha Jumatatu nikapanda daladala, ikanyesha Jumanne nikapanda daladala, Jumatano jua likawaka na mimi nikapanda daladala vilevile, kwa sababu nilishazoea kiti. Nilipokuja kuishika tena baiskeli ilikuwa Agosti. Cheni imeshika kutu, tairi la nyuma limelala chini, na kuku wa jirani ametaga kwenye kikapu cha mbele. Sitanii, mayai matatu.

Naishi Mkolani, Mwanza, na nauza vitambaa katikati ya jiji, upande wa Makoroboi. Kwa barabara ya Kenyatta ni kilomita 10 na ushei kwenda, na hizohizo kurudi. Nilianza Julai 2021 baada ya kupimwa presha na kuambiwa 150 kwa 95. Muuguzi hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mama, kwa siku unatembea kiasi gani?" Nikaanza kumhesabia: kitandani mpaka bafuni, mlangoni mpaka kituoni, kituoni mpaka dukani. Hapo hesabu ikaisha, tukabaki tunatazamana.

Dawa nilianzishiwa na hadi leo nameza, kwa hiyo asije mtu akasema baiskeli imemponya mama wa Makoroboi. Nilichokipata ni kwamba vipimo vya siku hizi vinacheza kwenye 130 na kidogo, usingizi nalala, na nikipandisha mzigo wa majora ghorofani sihitaji kukaa kwanza kwenye ngazi.

Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani. Watu wakisikia dakika 150 wanaona mlima, lakini ukizigawa kwa siku tano ni nusu saa tu. Na hiyo "wastani" ina kipimo chake rahisi: uwe unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Mimi niko kwaya, kwa hiyo najipima kwa nyimbo. Nikimaliza ubeti mzima bila kukata pumzi najua leo ninazembea, naongeza mwendo.

Sasa kuhusu majira. Ukisoma ushauri wa watu wa Ulaya kuhusu baiskeli, habari kubwa ni giza na baridi. Sisi tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, urefu wa mchana wetu ni karibu uleule mwaka mzima, ingawa jua nalo lina vituko vyake: Novemba saa 12 na nusu asubuhi limeshachomoza, Februari saa hiyohiyo bado kiza na linakuja karibu na saa 1. Nilichelewa kuligundua hilo, mpaka dereva mmoja wa lori aliponipigia honi ndefu Februari moja, ndipo nikajua sionekani. Siku hizi nina taa nyekundu nyuma na jaketi la reflekta kama la bodaboda. Watoto wangu wanaona aibu, wenyewe watajua.

Kinachobadilika Mwanza ni mvua, upepo na vumbi. Mvua zinaanza Oktoba, zinapumua kidogo Januari na Februari, zinarudi na nguvu Machi na Aprili, Mei zinaaga. Juni mpaka Septemba ni kiangazi. Kosa langu la mwaka ule wa kwanza lilikuwa kujiwekea ratiba moja, ya baiskeli, kana kwamba mwaka mzima ni Julai. Mvua ilipokuja ratiba ikafa, nami sikuwa na nyingine.

Kiangazi basi ni cha baiskeli. Ninayo ya mtumba, ya kike, ya zile za Japani zenye kikapu mbele. Ina gia tatu, mbili zinafanya kazi. Kama unanunua leo, usidanganywe na rangi. Inua gurudumu la mbele, lizungushe, tazama kama linakwenda sawa au linayumba kama mlevi. Shika breki uone zinarudi. Halafu panda uzunguke, ukikaa kitini na pedeli ikiwa chini kabisa goti libaki limekunjika kidogo tu. Wengi tunaweka kiti chini mno kwa woga wa kuanguka, kisha tunalalamika magoti.

Kwa akina mama wenzangu nina jambo moja ambalo nilijifunza kwa gharama. Wiki ya pili, nikiwa Igogo, saa 1 na robo asubuhi, watu wamejaa kituoni, sketi yangu ya kitenge ikaingia kwenye cheni. Wala huanguki kwa kishindo. Unavutwa polepole, kama mtu ameshika pindo anakwambia subiri kwanza. Nikasimama nimeinamia upande, mguu mmoja chini mwingine hewani, siwezi kushuka na siwezi kwenda. Kijana wa bodaboda akaja mbio, "Maza, usivute! Usivute!" Akainua gurudumu la nyuma, akazungusha pedeli kinyumenyume kidogo kidogo, kitenge kikatoka jino moja baada ya jingine, kina alama nyeusi zimepangana kama mihuri ya posta. Ile sketi ninayo bado, naivaa nikifua. Tangu siku hiyo chini ni skintaiti, sketi naikunja na kuibana pajani kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu kuukuu, na cheni fundi ameiwekea kava.

Maneno ya njiani yapo, hasa ukiwa mwanamke mtu mzima. Mama mkwe, ambaye ni wa Magu na amekua akiona wanawake wa Kisukuma wakibebwa kwenye keria lakini si kuendesha, nilidhani atanipinga. Alinisikiliza nikimlalamikia, akasema, "Mayu," yaani mama kwa Kisukuma, "hao wanaokucheka nauli yako wanakulipia wao?" Tukaishia hapo.

Kiangazi kina vumbi, na vumbi linaua cheni. Nilikuwa napaka oili chafu ya gari kama kila mtu, inang'aa vizuri siku mbili, kisha inashika mchanga na kuwa msasa. Fundi wangu aliniambia kiangazi nitumie mafuta mepesi. Jirani yangu dukani ni fundi cherehani, ananigawia ya cherehani: tone moja kila kiungo, unazungusha, halafu unafuta kwa kitambaa mpaka cheni ibaki kama haikupakwa kitu. Masika ndiyo unapaka mazito zaidi, maana mepesi yanaoshwa na mvua ya kwanza. Upepo nao hauna dawa ya kupaka. Mchana unatoka ziwani, na mimi nikirudi nyumbani jioni ziwa liko mkono wa kulia, unanipiga ubavu mzima. Nashuka gia, nainama kidogo, sishindani nao. Septemba na Oktoba kabla mvua hazijaanza ndiyo joto lenyewe. Nabeba maji lita moja, nayanywa kabla ya kiu, na narudi jua likishalegea.

Kuna jambo la ziwani ambalo mgeni haambiwi: wale wadudu wadogo. Wanapanda kutoka majini kama moshi, unauona kwa mbali umesimama angani, ukidhani kuna mtumbwi unaungua. Hawaumi. Lakini ukiingia ndani yao na baiskeli mdomo wazi, unakula. Mimi niliwala nikiwa katikati ya ubeti wa pili. Wazee wanasema wanatoka zaidi mwezi ukiwa mwandamo. Nabeba miwani ya kawaida na mtandio, nikiwaona nafunga mdomo, kipimo cha kuimba siku hiyo nakisamehe.

Masika yakija, baiskeli inapungua na miguu inaongezeka. Hapa ndipo ningependa unisikilize zaidi, maana ndipo wengi tunapopotelea.

Tazama mvua ya huku inavyofanya kazi. Usiku upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, mawingu ya radi yanajikusanya juu ya maji, na mara nyingi yanatuangukia alfajiri na asubuhi, saa ileile ambayo vitabu vya afya vinasema uamke ukafanye mazoezi. Nilipambana nayo mwaka mzima kabla ya kuelewa kwamba nimekosea saa. Siku hizi Machi na Aprili asubuhi napanda daladala bila kujilaumu hata kidogo. Jioni, mara nyingi mvua ikiwa imeshapita, napanda daladala ya Buhongwa, nashuka Butimba, na kutoka hapo nakwenda kwa miguu mpaka Mkolani. Ni karibu saa nzima na nyanya za usiku nanunua njiani. Konda mmoja ananijua, kila siku anauliza, "Mama, nauli umelipa yote, mbona unashuka?"

Viatu vya masika visiwe vizuri. Namaanisha visiwe vile unavyovionea huruma. Ndala zinateleza na kukurushia matope mgongoni. Nina raba kuukuu zenye meno chini, nyingine kavu ziko dukani chini ya meza. Na kwa sisi tunaoishi mlimani, jiwe lililolowa ni adui. Mwanza tunajisifia mawe, tunapiga nayo picha, lakini ile kuvu nyeusi inayoota juu ya jiwe ikipata maji inakuwa kama mlenda. Nilianguka nikishuka nyumbani Aprili 2023, nikakalia mkono, wiki mbili nikapima vitambaa kwa mkono wa kushoto. Sasa nashukia njia ya kuzunguka yenye changarawe. Inaongeza dakika sita, nazihesabu humo humo kwenye zile 150.

Radi usiifanyie ujasiri, Kanda ya Ziwa radi zetu si za kutania. Ukiisikia ingia ndani ya nyumba au duka lolote, usijibanze chini ya mwembe. Watu wa huku wanakukaribisha. Nimeshakunywa chai kwenye nyumba tatu ambazo sikuwa nawajua wenyewe.

Na ukishafika na matope mpaka magotini, usishuke ziwani kuosha miguu wala baiskeli, hata kama maji yanapendeza. Ufukwe wetu una kichocho. Vijidudu vyake vinatoka kwa konokono wa majini na vinapenya ngozi nzima, isiyo na kidonda, ukiwa umesimama tu unasugua tairi. Ndoo moja ya bomba inatosha.

Siku ambazo lazima niendeshe baiskeli kwenye mvua, zipo, natoka robo saa mapema. Breki zikilowa zinachelewa kushika, kwa hiyo nazibonyeza kidogo kidogo kabla sijazihitaji. Mistari ya pundamilia inateleza kuliko lami. Dimbwi usilolijua kina chake lizunguke au shuka usukume, maana maji yanaficha shimo na pia kifuniko cha mtaro kilichoibiwa. Daladala ikiwasha taa ya kushoto usipite kushoto kwake, subiri, abiria wanashukia hapo hapo bila kuangalia. Kiti zamani ningekivalisha mfuko wa rambo, lakini mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019, nina kipande cha turubai chenye lastiki.

Jumamosi ni ya soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, mvua isiponyesha. Nafuata dagaa na kichwa cha sangara, narudi na kikapu kinanuka na paka wa njia nzima wananisindikiza kwa macho. Ndiyo safari yangu ndefu ya wiki, na siiiti mazoezi. Nikiiita mazoezi nitatafuta sababu ya kutokwenda. Dagaa nao hawajileti.

Halafu kuna kuugua, kusafiri, misiba. Kukatika kutakuwepo. Kanuni niliyojiwekea baada ya yale mayai matatu ni kwamba siku tatu mfululizo zisipite bila kutoka, na nikiwa naumwa kweli, siku ya kwanza ya kupona isiwe ya kulipiza. Aprili iliyopita malaria ilinilaza wiki nzima. Siku ya nane nilivaa raba nikatoka, miguu inatetemeka, kipimo cha kuimba sikukijaribu. Nilifika kona, nikanunua mihogo ya kukaanga ya mia tano, nikarudi.