To au -ing? Majibu kwa waliouliza

Nimekatwa alama kwa kuandika "I enjoy to read". Mbona "I want to read" ni sahihi? (Mwanafunzi, kidato cha tatu)

Mwamuzi ni kitenzi kinachotangulia. Want, hope, decide, promise na refuse hufuatwa na to. Enjoy, avoid, finish, mind na suggest hudai -ing. Sisi hujikwaa hapo kwa kuwa ku- yetu hubeba yote: nataka kusoma, nafurahia kusoma. Usihangaike kusaka kanuni moja ya kumaliza kazi, hutaipata. Daftarini andika "enjoy reading", usiandike "enjoy" peke yake.

"Stop talking" na "stop to talk" si yale yale?

Hata kidogo, na hapa ndipo penye utamu. "She stopped talking": alinyamaza. "She stopped to talk": alikuwa akienda zake, akasimama ili aongee. Mmoja kafunga mdomo, mwingine ndiyo kwanza anaufungua.

Remember na forget nazo zina mambo. "I remember locking the gate" maana yake nilifunga, na tukio lenyewe ninalo kichwani. "I remembered to lock the gate" maana yake sikusahau kufunga. Kwa hiyo -ing hutazama nyuma, to hutazama mbele. Mlinzi wa usiku aambiwe "Remember to lock the gate". Ukisema "locking", unamtaka akumbuke alivyolifunga zamani, na geti litalala wazi.

Try je? "I tried to open the window": nilijitahidi, pengine lilikwama. "I tried opening the window": nililifungua nione kama joto litapungua.

Kwenye barua ya kuomba kazi niandike "I look forward to hear from you"?

Andika "hearing". To hiyo ni kihusishi, ndiyo maana unaweza pia kusema "I look forward to your reply". Nomino ikikaa vizuri baada ya to, basi kitenzi kitakachochukua nafasi yake kivae -ing. Ndivyo ilivyo kwa "I am used to waking up early", yaani nimezoea. Ila "I used to wake up early" ni habari ya zamani. Siku hizi unalala mpaka jua kali.

Start inachukua ipi?

Yoyote: "It started to rain", "It started raining". Start yenyewe ikishavaa -ing, sema "It is starting to rain". "Starting raining" inachosha sikio.