ABCL ya Amitabh Bachchan: kilichoiangusha si filamu peke yake

Ndugu mleta mada, umeuliza mambo mawili: kama ni kweli Amitabh Bachchan, nyota wa sinema za India, alifilisika kwa sababu watazamaji walizikataa filamu zake, na kama kampuni ya kusimamia wasanii ni biashara ambayo wewe na wenzako mnaweza kutia fedha zenu. Wachangiaji walionitangulia wamelijibu swali la kwanza kwa kutaja filamu zilizobuma. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa biashara mjini Bangalore mwaka 1996, wakati kampuni yake, ABCL, ilipofanya tukio lililozungumzwa kuliko mengine yote, na baada ya masomo nimefanya kazi ya ukaguzi wa hesabu hadi leo. Kwa hiyo naomba nilieleze jambo hili kama linavyoonekana kwenye vitabu vya hesabu.

Kwanza ni vyema kufahamu hali ilivyokuwa kabla ya kampuni hiyo kuzaliwa. Katika sinema za Bombay (leo Mumbai), nyota hakuwa na kampuni ya kumsimamia. Alikuwa na mtu mmoja aliyeitwa katibu, ambaye alitunza shajara ya tarehe za kupiga picha, akapatana bei na watayarishaji, akachukua asilimia yake. Mikataba mingi ilikuwa ya maneno. Benki hazikuwa na desturi ya kukopesha filamu, kwa kuwa serikali ya India haikuitambua sinema kuwa sekta rasmi ya viwanda hadi mwaka 1998, na mtayarishaji aliyehitaji fedha alikwenda kwa wakopeshaji binafsi waliotoza riba ya kukata shingo. Wakati huohuo uchumi wa nchi ulikuwa umelegezwa kuanzia mwaka 1991, Zee TV ilikuwa imeanza kurusha matangazo mwaka 1992, na fedha za matangazo ya biashara zilikuwa zikitafuta pa kwenda. Kwa hiyo Bachchan alipoanzisha Amitabh Bachchan Corporation Limited, maarufu kama ABCL, katikati ya miaka hiyo ya 1990, wazo lake halikuwa la kipumbavu hata kidogo. Alitaka kuingiza utaratibu wa kampuni mahali palipoendeshwa kwa kujuana, na mengi aliyoyataka yamekuja kuwa jambo la kawaida India.

Tatizo lilianzia kwenye ukubwa wa mpango. ABCL ilijiwekea lengo la kufikia thamani ya rupia bilioni 10 ifikapo mwaka 2000, na ili kufika huko iliamua kufanya kila kitu kwa mpigo: kutengeneza filamu, kuzisambaza, kuuza kaseti za muziki, kutayarisha vipindi vya televisheni, kuandaa matukio na kusimamia wasanii. Hapa ndipo ninapotofautiana na wengi katika uzi huu. Shughuli hizo zinaonekana kuwa za familia moja, lakini fedha zake hazitembei kwa mwendo mmoja. Kusimamia msanii ni kazi ya kamisheni, ambayo mtaji wake ni watu wachache, simu na mwanasheria mzuri. Msanii akilipwa, nawe unalipwa. Filamu inameza fedha kwa mwaka mzima au zaidi kabla ya tiketi ya kwanza kuuzwa. Ukiziweka zote katika akaunti moja, ile inayoingiza kidogo kidogo kila mwezi itafanywa iilishe ile inayokula kwa pupa, na mwisho wa siku hutajua ipi inapata faida na ipi inapata hasara. Juu ya hayo kampuni iliajiri mameneja wa ngazi ya juu kwa mishahara ambayo baadaye ilielezwa kuwa mikubwa kupita kiasi. Mshahara hausubiri filamu itoke.

Upande wa vipaji, sifa yao wapewe. Filamu ya kwanza waliyoitengeneza, *Tere Mere Sapne* ya mwaka 1996, iliwatambulisha waigizaji wapya, akiwemo Arshad Warsi, ambaye leo ni jina kubwa. Ila umaarufu wake mkubwa ulikuja miaka kadhaa baadaye, katika kazi za watayarishaji wengine, wakati ABCL ilikuwa imeshalala. Kulea kipaji kunadai subira ya muongo mzima, na kampuni yenye deni la benki haina subira hiyo.

Sasa nije kwenye shindano la Miss World, lililofanyika Bangalore tarehe 23 Novemba 1996 katika uwanja wa kriketi wa Chinnaswamy. India ilikuwa na hamu nalo kwa sababu mwaka 1994 wasichana wake wawili, Aishwarya Rai na Sushmita Sen, walitwaa taji la Miss World na lile la Miss Universe. ABCL ikabeba jukumu la maandalizi. Wiki za mwisho mji ule ulikuwa kama uko chini ya ulinzi wa vita: ukitoka barabara ya M.G. kuelekea uwanjani unakutana na vizuizi vya mianzi, polisi wenye fimbo ndefu wamekaa vivulini wakinywa chai, na kila mwenye mkoba anaamriwa aufungue. Vyama vya wakulima, makundi ya wanawake na wanasiasa wa mrengo wa kulia walikuwa wakipinga shindano hilo, kila mmoja kwa hoja yake. Kijana mmoja alijichoma moto mjini Madurai kwa kupinga, akafariki. Shindano la mavazi ya kuogelea likahamishiwa Ushelisheli. Sisi wanafunzi hatukuwa na uwezo wa kununua tiketi. Tulitazama sebuleni kwa mwenye nyumba wetu, mzee aliyekuwa akiulaani uchafu ule na huku haondoi macho kwenye runinga hadi Irene Skliva wa Ugiriki alipovishwa taji.

Jumatatu yake mwalimu wetu wa hesabu aliingia darasani, akachora ubaoni safu mbili, mapato na matumizi, akatutaka tuzijaze kwa kukisia. Safu ya mapato ilijaa upesi, kwa sababu vyanzo vinajulikana: wadhamini, haki za televisheni, tiketi. Safu ya matumizi haikuisha hadi kengele ikalia. Nilikielewa siku ile kitu ambacho nimekiona mara nyingi kazini: mapato ya tukio yana dari, kwa sababu yamekwisha kuandikwa katika mikataba kabla ya siku yenyewe, lakini gharama zake hazina dari, hasa pale panapoongezeka maandamano, kesi na mabadiliko ya dakika za mwisho. ABCL ilitoka pale na hasara kubwa na mlolongo wa mashauri mahakamani.

Ndipo filamu zikaja kumalizia. *Mrityudaata* ya mwaka 1997, ambayo ilikusudiwa kumrudisha Bachchan kwenye skrini, ilianguka vibaya, na mwaka huohuo kampuni ikawa haiwezi tena kujiendesha. Baadaye bodi ya serikali inayoshughulikia kampuni zilizodhoofika iliitangaza kuwa kampuni mgonjwa. Mwezi Aprili 1999 Mahakama Kuu ya Bombay ilimzuia Bachchan kuuza nyumba yake iitwayo Prateeksha pamoja na fleti mbili, hadi kesi za madai ya Canara Bank zitakapoamuliwa. Yeye mwenyewe alieleza kwamba aliiweka nyumba hiyo rehani ili kuipatia kampuni fedha. Hapa ndipo penye jibu la swali lako la kwanza. Kilichotangazwa kuwa mgonjwa ni kampuni, na kampuni yenye dhima yenye kikomo imewekwa na sheria ili mwenye hisa apoteze hisa zake tu, asipoteze na kitanda chake. Ukishatoa nyumba yako kuwa dhamana, kinga hiyo umeivua kwa mkono wako mwenyewe. Deni alilolitaja hadharani miaka ya baadaye ni rupia takriban milioni 900, na kesi 55.

Alivyojinasua kunajulikana. Alikwenda kwa mtengenezaji filamu Yash Chopra kuomba kazi ya uigizaji, na tarehe 3 Julai 2000 akaanza kuendesha *Kaun Banega Crorepati*, shindano la maswali lenye zawadi za fedha, katika televisheni ya Star Plus. Hakupitia kampuni yoyote ya kumuuza. Aliuza kazi yake moja kwa moja, akalipa wadai mmoja baada ya mwingine. Shirika la televisheni la serikali, Doordarshan, lilipodai na riba, aliifidia kwa kuwafanyia matangazo. Kampuni ilifufuka kwa jina la AB Corp, ikarudi kwenye utengenezaji wa filamu kama *Paa* ya mwaka 2009.

Kuhusu swali la pili, usimamizi wa wasanii unalipa, na India ya leo ina kampuni kubwa za kazi hiyo, kama KWAN iliyoanzishwa mwaka 2009, ambayo sasa huitwa Collective Artists Network. Hesabu zake zifungeni peke yake, na msiruhusu kamisheni za wasanii zigharamie tamasha au video. Na benki ikiwaomba hati ya nyumba ya mmoja wenu, someni kwanza mkataba huo pamoja na mwanasheria wa huyo mwenye nyumba, si wa kampuni.