Nguo Ni Mwili?

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza kama michezo ya jadi ya watoto iingizwe kwenye ratiba ya shule na kufundishwa darasani, isije ikapotea. Wengi watajibu ndiyo, tena kwa furaha, maana kila aliyevuka miaka arobaini ana kombolela yake moyoni. Mimi ni mwalimu wa Darasa la Tatu hapa Mbeya, mwaka wa 21 huu, na nimezaliwa Rungwe kwenye migomba na mvua isiyojua likizo. Jibu langu ni hapana. Tafadhali msitukabidhi walimu hiyo michezo.

Nasema hivi kwa sababu nilishajaribu.

Mwaka juzi tulikuwa kwenye kugawanya, na darasa langu la watoto 87 lilikuwa limekwama kwenye mabaki. Mtoto anaandika 13 gawanya kwa 4, anapata 3, halafu ile moja iliyobaki anaiacha inaning'inia kama haimhusu. Nikakumbuka mdako, ule mchezo wa kurusha jiwe na kukomba kete shimoni. Nikaandaa andalio la somo la kupendeza, kwenye zana nikaandika "vihesabio: kete za mawe 12 kwa kila kikundi", nikaokota kokoto kwenye kifusi cha jirani anayejenga na kuziosha kwa sabuni jioni nzima huku mume wangu akiuliza kama tunazipika au tunazikaanga.

Darasani hakuna pa kuchimba shimo, kwa hiyo nikachora duara kwa chaki sakafuni. Nikasimama katikati. "Kikundi cha kwanza, rusheni." Mtoto mmoja akanyoosha mkono kabla hajagusa jiwe. "Ticha, nikikosea utanikata ngapi?" Baada ya dakika kumi nilichosikia kilikuwa kitu kimoja tu kutoka kila kona: "Ticha, huyu amekosea! Ticha, huyu anaiba!" Nilikuwa nimegeuka mahakama. Kipindi kilipoisha wakarudi kwenye madawati kwa unafuu ulioonekana usoni, na mimi pia.

Mapumziko yalipofika nikapita nyuma ya jengo la stoo, na pale chini ya mparachichi kulikuwa na shimo la kiasi cha bakuli na mabinti watano wamelizunguka. Mawe waliyokuwa nayo ni yale yale yangu, yameshatoweka darasani bila mimi kujua.

Kwa msomaji aliyekulia kwenye ghorofa, mdako huenda hivi. Kete zinakaa shimoni. Una jiwe moja mkononi, unalirusha juu, na kabla halijashuka unazikomba kete zote nje kwa kiganja hicho hicho, halafu unalidaka. Unarusha tena, unazirudisha zote shimoni isipokuwa moja. Hiyo ni yako. Unaendelea hivyo hadi shimo liishe. Kisha unaanza upya, safari hii unaacha mbili mbili, kisha tatu tatu, kisha nne nne. Ukiacha pungufu au zaidi, umetoka, mwenzako anashika jiwe. Jicho liko juu kwenye jiwe, vidole viko chini vinahesabu bila kutazama, na muda ulio nao ni ule jiwe linaotumia kupanda na kushuka. Jaribu, Mhariri. Utaona aibu.

Binti mmoja pale, ambaye kwenye jaribio la wiki hiyo nilikuwa nimempa tatu ya kumi, alikuwa anagombana na mwenzake aliyetaka kuongeza kete.

"Kumi na tatu mbaya," alisema. "Mbili mbili inabaki moja, tatu tatu inabaki moja, nne nne inabaki moja. Kila saa kuna moja inatusumbua. Tuweke kumi na mbili."

Nilisimama nyuma ya mti ule nikiwa na chai inayopoa mkononi. Mtoto huyu asiyeweza kugawanya alikuwa ameigawa 13 kwa namba tatu kichwani, akaona kwamba zote zinaacha kitu kile kile, na akapendekeza namba inayogawanyika kwa zote. Hiyo ni mada tunayoiita kigawe kidogo cha shirika, na haikuwa kwenye somo langu hata kidogo. Kama ningejitokeza kumpongeza, nina hakika ungekuwa mwisho wa mchezo.

Kwa hiyo ndiyo, michezo inafundisha, na sina ugomvi na wanaosema hivyo. Ugomvi wangu ni juu ya kinachofundisha ndani yake. Watu husifia kuhesabu, kulenga, kukimbia, ushirikiano. Mimi naona kilicho kikubwa zaidi ni ule muda mchezo unaposimama kwa sababu ya ubishi.

Tulipokuwa wadogo, katikati ya miaka ya themanini, mchezo wetu ulikuwa rede. Wawili wanasimama mbalimbali, wanarushiana mpira wa soksi uliojazwa matambara, na wa katikati anakwepa huku akijaza chupa mchanga. Kwetu mchanga haukuwapo, tulijaza udongo mweusi, na siku za mvua, ambazo kwetu ni nyingi, tope. Chupa ikijaa hadi mdomoni umeshinda. Mpira ukikugusa umetoka.

Siku moja mpira ukampiga mwenzetu mmoja sketi. Ilikuwa sketi ya shule ya dada yake, pana, imekunjwa kiunoni mara tatu ikafungwa kwa kamba ya mgomba.

"Umeguswa!"

"Sijaguswa, imegusa sketi."

"Sketi si umeivaa wewe?"

Mchezo ukasimama. Tulikaa chini pale pale kwenye nyasi tukibishana hadi vivuli vikarefuka. Wengine walisema nguo ni mwili, kwa sababu ukichomwa na mwiba kwenye nguo unalia. Wengine wakasema nguo si mwili, kwa sababu mwenye sketi pana anaonewa, na hakujichagulia kuvaa ya dada yake. Hoja hii ya pili ndiyo iliyoshinda. Ikapitishwa: nguo si mwili.

Kesho yake kuna aliyegundua kwamba kwa sheria hiyo unaweza kutandaza sketi kwa mikono miwili kama kuku anayefunika vifaranga, na mpira hautakupata kamwe. Ni mimi, naungama. Nilijaza chupa mbili kabla hawajanishtukia. Tukakaa tena chini. Sheria ikarekebishwa: nguo si mwili, ila ukiishika kwa mkono imekuwa mwili. Nimesoma waraka mwingi wa elimu tangu siku hiyo na sijakutana na wowote ulionyooka namna hiyo.

Kilichotulazimisha kuelewana ni idadi. Rede haichezeki chini ya watatu, na sisi tulikuwa wanne, mmoja akitazama tu kwa kuwa ana mtoto wa mama yake mgongoni. Yeyote akitamka "sichezi" na kushika njia ya kwao, mchezo umekufa. Kwa hiyo hata mbabe alilazimika kubembeleza. Pakiwa na mwalimu mwenye filimbi hakuna haja ya kubembelezana, yeye anaamua, mnaendelea, na lile lililokuwa lifundishwe limeshapita.

Hapa mjini nimeona jambo hilo hilo kwa sura nyingine. Mtaani kwetu watoto hucheza nyama nyama: mmoja anataja mnyama, wenzake wanaruka na kuitikia "nyama!", akitaja asiyeliwa wote wanyamaze, atakayeitikia ametoka. Jioni moja kiongozi akataja nguruwe. Nusu wakaruka, nusu wakanyamaza, na kila upande ukadai mwingine ametoka. Nilikuwa naanua nguo, nikaacha kuanua. Walipomaliza kelele waliafikiana kwamba nguruwe ukimtaja wewe kiongozi ndiye umetoka. Wakubwa tumekalia suala hilo vikao na vikao.

Nisije nikaonekana naupamba utoto. Kwenye mchezo wa baba na mama, baba kila siku alirudi amelewa, na hilo pia hakuna aliyetufundisha. Kombolela ya gizani kwenye migomba ilikuwa na mambo ambayo wasichana hatukuyasema nyumbani. Na yupo kijana aliyekuwa na mguu mmoja mfupi ambaye tulimpa kulinda kopo kila siku, tukijiona wema. Mtoto akiachiwa ajitungie sheria hutunga na mbaya.

Ila nadhani wazee wetu walilijua hili la kuwaachia. Babu alinisimulia jinsi yeye na wenzake walivyoanza kujenga vibanda wakiwa wachunga ng'ombe, na baadaye nilipokuwa chuoni nikakuta mwanaanthropolojia wa Afrika Kusini, Monica Wilson, ameyaandika hayo hayo baada ya yeye na mumewe Godfrey kuishi Rungwe miaka ya 1930. Wavulana wa Kinyakyusa wa kama miaka 10 au 11 waliondoka kulala nyumbani na kujijengea vibanda pembeni ya kijiji cha baba zao. Mwanzoni ni mchezo tu, vibanda vya mabua vinavyovuja. Kula walikula kwa mama zao, wakihama kundi zima kutoka jiko hili hadi lile, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Walikua, vibanda vikawa nyumba, wakaoa na kuleta wake zao pale pale, na kile kilichoanza kama kucheza nyumba kikawa kijiji kamili cha rika moja. Kisha katika sherehe ya ubusoka kizazi cha baba kikawakabidhi uongozi. (Ni wavulana, naam. Sisi tulikuwa na rede na mtoto mgongoni.) Ardhi ilipokuwa finyu utaratibu huo ukafifia. Lakini angalia wazee walichotoa: pembe ya ardhi na ugali. Hawakwenda kuwaonyesha namna ya kusimamisha nguzo.

Ardhi ndiyo inayonifanya niandike, kuliko hayo yote. Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 tayari una somo la Sanaa na Michezo, na mimi nalifundisha, halina ubaya. UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, ipo kila mwaka na watoto wetu wanakimbia na kucheza mpira na netiboli. Tunachokosa ni mahali pasipo na saruji na muda usio na mtu mzima.

Shule moja niliyowahi kufundisha, jina nalihifadhi, ilichangisha wazazi ikatandika vitofali uwanja mzima hadi kwenye ukuta. Kukawa safi sana, wageni wanasifu, vumbi la Septemba likaisha. Huwezi kuchimba shimo la mdako kwenye kitofali. Watoto wakahamia nyuma ya vyoo, ambako mafundi hawakufika. Mwalimu wa zamu akaona mashimo, akaripoti kwamba ni hatari mtu atajikwaa, na yakazibwa kwa zege. Nilikuwepo kwenye kikao hicho na sikusema neno. Muhula huo huo tulijaza fomu ya kueleza tunavyoenzi utamaduni.

Na muda. Darasa la Nne na la Saba wanaanza masomo ya ziada kabla jua halijatoka, mwezi wa Juni na baridi yetu hii, mtoto anafika vidole havishiki kalamu. Wa shule za binafsi wanapanda basi saa kumi na moja alfajiri na kurudi jioni. Sheria ya Mtoto ya 2009 imeiweka haki ya kucheza na kupumzika kwenye orodha moja na chakula, malazi, mavazi na matibabu, ni wajibu wa mzazi kuitimiza. Mzazi anayemnyima mtoto chakula tunamshtaki kwa mtendaji, anayemnyima kucheza tunampa kiti cha mbele kwenye mahafali.

Kuhusu kupotea sina hofu sana. Watoto wa huku waliimba na kuzunguka kwenye ukuti wakitetemeka kama mnazi, nami mnazi wenyewe nilikuja kuuona nikiwa mtu mzima, nilipokwenda Dar es Salaam. Mchezo ulipanda milima hii peke yake, bila mnazi na bila mwalimu. Nilipo sasa watoto wanachezea vifuniko vya soda mahali pa kete, na kamba ya kuruka ni mpira wa ndani wa tairi la bodaboda uliokatwa vipande. Gololi zina msimu wake kama mahindi, zinaibuka siku moja kila mfuko unalia, na sijajua nani huwatangazia.

Wiki iliyopita nilikuwa wa zamu. Nikakata kona ya stoo, shimo bado lipo chini ya mparachichi, limepanuka kidogo. Watoto watano walikuwa wamelizunguka, wawili wamesimama wakitazamana, jiwe liko chini kati yao. Mmoja akaniona.

"Ticha, shikamoo. Ticha, jiwe si limegusa nguo yake kwanza ndiyo akadaka?"

Nilikuwa nimeona vizuri, lilimgusa begani. Nikaitikia shikamoo, nikasema nawahi kengele. Nyuma yangu nikasikia yule mwingine akisema, "Kwani nguo ni mkono?" na wote watano wakaanza kuongea kwa pamoja.