Je, Mwanafunzi wa Mbarara Anaweza Kujiunga na Nu Rho Psi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa shahada ya sayansi hapa Mbarara, na hakuna somo linalonivutia kama ubongo na mishipa ya fahamu. Nimeona wanafunzi wa Marekani wakitaja katika wasifu wao kwamba ni wanachama wa Nu Rho Psi, jumuiya ya heshima inayowatambua wanafunzi wanaofanya vizuri katika sayansi ya neva. Je, nami naweza kujiunga? Na nisipoweza, nafasi yangu ya kupata ufadhili wa shahada ya uzamili ng'ambo itapungua?
Msomaji, Mbarara

JIBU: Ndugu msomaji, mwanafunzi huingia Nu Rho Psi kupitia tawi lililoanzishwa katika chuo chake mwenyewe na kusimamiwa na wahadhiri wake, kwa hiyo chuo kisicho na tawi hakina mlango huo, hata mwanafunzi wake awe hodari kiasi gani. Jumuiya hiyo ilianzishwa mwaka 2006 na chama cha wahadhiri wa Marekani wanaofundisha sayansi ya neva katika shahada ya kwanza, nayo inafuata desturi ya jumuiya za heshima za vyuo vya huko, iliyoanza na jumuiya ya Phi Beta Kappa mwaka 1776. Miongoni mwa masharti yake, mwanafunzi wa shahada ya kwanza awe amemaliza angalau semesta 3, awe katika asilimia 35 ya juu ya wenzake, na awe na wastani wa alama usiopungua 3.2.

Hapo kwenye wastani naomba usome kwa makini. Hiyo 3.2 ni katika mizani ya 4, ilhali vyuo vyetu vingi hutumia mizani ya 5, ambamo daraja la kwanza huanzia 4.4 na 3.2 huangukia daraja la pili la chini. Utakapoomba masomo ya nje, usijipigie hesabu mwenyewe kwa kuzidisha na kugawanya. Peleka nakala rasmi ya matokeo inayoeleza mizani ya chuo chako, ili wanaokupima wajue wanasoma nini.

Kuhusu ufadhili, sioni sababu ya wewe kuhofu. Kamati inayochagua wanafunzi hutaka kujua umefanya nini kwa mikono yako na ni nani aliyekuona ukifanya. Katika hilo Uganda ina utajiri ambao wanafunzi wetu wengi hawauoni. Katika hospitali ya watoto ya CURE iliyofunguliwa Mbale mwaka 2001, daktari Benjamin Warf alitambua kwamba watoto wengi wenye vichwa vilivyojaa maji walipatwa na hali hiyo baada ya maambukizi, akaendeleza upasuaji unaoyafungulia maji hayo njia na kupunguza tishu inayoyatengeneza, ili mtoto asitegemee mrija wa kudumu wa kuyatoa maji hayo kichwani, unaoweza kuziba akiwa kijijini, mbali na daktari wa upasuaji. Ugonjwa wa kutikisa kichwa uliowapata watoto wa Kitgum na Pader nao bado una maswali yanayohitaji vijana wenye akili na subira. Mwanafunzi aliyesaidia kukusanya au kuchambua takwimu za maswali kama hayo ana la kusema mbele ya kamati yoyote.

Iko pia Jumuiya ya Wanasayansi wa Neva wa Afrika, iliyoanzishwa mwaka 1993, ambayo mkutano wake wa mwaka 2017 ulifanyika Entebbe, na lipo shirika la kimataifa la utafiti wa ubongo, IBRO, linalogharimia mafunzo ya watafiti chipukizi barani kwetu. Fuatilia matangazo yao.

Jihadhari, hata hivyo, na barua pepe zinazokupongeza kwa kuteuliwa kwenye heshima usiyoiomba, kisha zikadai dola. Jumuiya halali nazo hutoza ada ya kujiunga, kwa hiyo ada peke yake si ushahidi wa utapeli. Uliza kwanza ni mhadhiri gani wa chuo chako anayesimamia tawi hilo, asipokuwapo, usilipe.

Kwa sasa, wewe na wenzako mwombeni mhadhiri wa fiziolojia awalee katika kikundi cha kusoma makala za utafiti kila wiki, mkianza na zile zilizoandikwa kuhusu wagonjwa wa Mbale.