Ukipanga safari ya Rufiji, anza na maji

Kila tunapokaribia mwezi wa Juni, jamaa zangu wa Unguja huanza kuniuliza bei ya kwenda Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Wanataka watoto wao wamuone tembo kwa macho, maana sisi visiwani tuna kima punju wa Jozani na popo wakubwa wa Pemba, lakini tembo hatuna. Kabla ya kutaja bei huwa ninawauliza: mnataka kufika huko maji yakiwa wapi? Jibu lake ndilo linaloamua mwezi wa kwenda, njia ya kupita, pa kulala na hata watakachokiona.

Hifadhi hii ilikatwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019, na ina kilomita za mraba 30,893, zaidi ya mara 18 ya kisiwa cha Unguja. Ukubwa huo usikutishe. Wageni wengi hutembelea ukanda wa kaskazini tu, kandokando ya mto Rufiji na maziwa yake: Tagalala, Manze, Nzerakera, Siwandu na Mzizima. Mto umeyaacha maziwa haya kila ulipohama njia, na bado huyalisha kwa mikondo midogo. Maji yenyewe hutoka mbali, kwa Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, mito inayoanzia nyanda za juu za Iringa, Njombe na Ruvuma. Kwa hiyo Rufiji unaweza kupanda siku ambayo Mloka, kijiji kilicho karibu na lango la hifadhi, hakuna hata wingu, na anayeangalia utabiri wa mvua wa hapo alipo tu hajaangalia kitu.

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, usiende. Udongo mweusi wa kule ukilowa hushika gari mpaka kwenye ekseli, kambi nyingi hufungwa, na wanyama hutawanyika kwa kuwa kila dimbwi lina maji. Mwezi wa Aprili 2024 mafuriko yalizamisha mashamba na makazi ya watu wa Rufiji na Kibiti. Wenyeji wa bonde lile wameishi na maji hayo tangu zamani. Wana madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo shambani, na wana kilimo cha mlau, cha kupanda pale mto unapopungua na kuacha ardhi yenye rutuba. Ukifika, muombe mwenyeji akueleze mambo ya mlau. Mimi naona ni nusu ya safari, na wageni wengi hupita bila kuyasikia.

Kuna jambo jipya ambalo maelezo mengi ya zamani hayana. Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo ya megawati 2,115, lilianza kujazwa maji Desemba 2022, na lipo upande wa juu wa mto, kabla maji hayajafika sehemu tunayotembelea. Mto sasa unasukumwa na mvua na pia milango ya bwawa. Usitegemee tu mtu aliyekwenda miaka kumi iliyopita akakuambia mwezi fulani mashua hupita mahali fulani. Wiki moja kabla ya kuondoka, piga simu kwa waongoza mashua wa Mloka au kambi utakayolala, uwaulize mikondo ipi ina kina cha kutosha kwa mashua. Hiyo ndiyo simu muhimu kuliko zote utakazopiga.

Mimi huchagua Agosti. Juni nchi ni kijani na inapendeza, ila nyasi bado ndefu na simba anaweza kulala hatua chache kutoka kwenye gari usimuone. Kufikia Agosti madimbwi ya porini yameanza kukauka, kwa hiyo tembo, nyati, pundamilia na swala wanashuka maziwani, na simba wanawafuata huko huko, huku mashua zikiwa bado na pa kupita. Kingo za mto nazo ziko wazi, na ndege waitwao keremkerem wanatoboa mashimo humo kwa ajili ya viota. Septemba na Oktoba wanyama huonekana zaidi, lakini jua ni kali mno, na mikondo mingine huwa imebaki matope na viboko. Ukiwa na wazee au watoto wadogo, nakushauri usifike Oktoba.

Njia ni mbili. Ndege ndogo zinaruka kutoka Unguja hadi ndani ya hifadhi, ni haraka, na mizigo huwa kilo 15 kwa mtu, kwenye begi laini. Ya pili ndiyo ya wengi wetu: boti hadi Dar es Salaam, kisha gari ya kukodi kupitia Kibiti hadi Mloka na lango la Mtemere. Kumbuka Agosti ni msimu wa kusi na bahari huchafuka, kwa hiyo vuka siku moja kabla, ulale Dar, uondoke alfajiri ukiwa na nguvu. Raia wa Tanzania hulipa kiingilio kwa shilingi, na ni kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni, ila lazima uwe na kitambulisho cha taifa mkononi. Kulala Mloka, nje ya lango, ni nafuu kuliko ndani. Uliza mapema kiingilio kinahesabiwa kwa saa ngapi, ndipo upange saa ya kuingia na ya kutoka.

Chakula, ambalo ndilo swali la kila mama: wenyeji wa Rufiji wengi ni Waislamu, na Mloka hutapata taabu. Kwenye kambi za ndani uliza jiko lao mapema kuhusu nyama.

Usikose mashua ya jioni. Sisi watu wa pwani tumezoea kuning'iniza mkono majini. Rufiji usithubutu, na mtoto akae katikati, amevaa jaketi lake la kuokolea. Kiboko akizama humuoni, na mamba pale ni wengi. Muache nahodha achague njia, wala usimhimize asogee karibu kwa ajili ya picha. Nguo zisiwe nyeusi wala za buluu, maana mbung'o huzifuata rangi hizo.

La mwisho ni malaria. Visiwani kwetu imepungua sana, na kwa sababu hiyo miili yetu haina tena kinga waliyonayo watu wa bonde la Rufiji. Muone daktari kabla ya kwenda akupe dawa ya kinga, beba chandarua na mafuta ya kufukuza mbu. Ukirudi ukapata homa, hata baada ya wiki kadhaa, nenda kapime siku hiyo hiyo na umwambie muhudumu wa kituo kwamba ulikuwa bara, ili na majirani zako wafuatiliwe kabla mbu wa mtaani hawajaisambaza.