Barua kwa mwanangu: punguza watu, kwenda kuwaona usiache

Ngamiani, Tanga

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, nasi hatujambo. Umeniuliza kuhusu ile kampuni ya Dar inayotengeneza programu ya simu ya kuwakopesha wafanyabiashara wadogo. Wamekupa kazi ya utafiti wa watumiaji, kisha wakalalamikia bei. Wanataka usije huku. Utume tu dodoso la WhatsApp kwa watu 200, wakulipe nusu. Ukubali?

Usikubali. Wakitaka bei ishuke, punguza idadi ya watu, lakini kwenda kuwaona usiache.

Madodoso nimeyajaza tangu ujana wangu, ndiyo kazi iliyokusomesha. Ni mazuri ukitaka kujua wangapi. Ukitaka kujua kwa nini mtu anaanza kutumia programu na kuishia njiani, hayakusaidii, kwani mtu wa kwetu ukimuuliza kama kitu chako ni kizuri, atakisifia asikuvunje moyo.

Juzi nilikuwa Deep Sea, kule soko la samaki, dagaa zimeshuka, nikamwona mchuuzi mmoja akilipa kwa simu. Vidole vimejaa magamba na maji ya chumvi, kioo hakishiki. Akajifuta kwenye kanga, akajaribu tena, wapi. Akampa simu kijana aliyesimama pembeni na kumtajia namba ya siri kwa sauti, watu wote wanasikia. Sasa mama huyo mpelekee dodoso umuulize kama anapata shida kulipa kwa simu. Atajibu hapana, na hajadanganya, maana amelipa! Lakini anayetaka kumkopesha mama huyo lazima aione ile mikono, na amjue yule kijana mwenye namba ya siri isiyo yake. Akiomba mkopo kwa jina la mama, nani atalipa?

Wape hoja ya kupeleka kwa mabosi wao. Jakob Nielsen, mtu mkubwa wa fani hii, aliandika mwaka 2000 kwamba kwa hesabu zake watu 5 hufichua takriban 85% ya matatizo ya matumizi, na kwamba ni heri kujaribu na 5, ukarekebisha, ukajaribu tena, kuliko kuwamaliza 15 kwa mkupuo. Usiiseme nusu, lakini: alisema pia kuwa makundi yakitofautiana sana, kila kundi litafutiwe watu wake. Mchuuzi wa Deep Sea na mwenye duka la vitenge hapa barabara ya 12 si kundi moja.

Kwenye makadirio, usihesabu siku za mahojiano peke yake. Kusikiliza rekodi na kuandika ripoti ndiko kunakokula muda. Weka nauli, weka na shukrani ya washiriki, maana unawatoa kwenye biashara yao. Andika swali ambalo utafiti utajibu, ili wakiongeza swali waongeze na hela. Upewe kianzio kabla hujapanda basi. Na usirekodi sauti wala skrini ya mtu bila ridhaa yake. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata isingekuwepo, salio la mtu ni siri yake.

Wakikataa hata hao watano, waache waende. Ripoti itabeba jina lako, na mimi sitaki mchuuzi wa Deep Sea aingizwe kwenye deni asilolielewa kwa sababu ya ripoti hiyo.

Nitumie makadirio kabla hujawapelekea, niyapitie.

Mama yako