Beji ziongezwe, ila mtihani usilegezwe

Mkuu, umeuliza kama jeshi liongeze beji za ujuzi kwa askari. Nasema ndiyo, ila kwa kubana. Tazama Marekani: beji ya umahiri ya askari wa miguu ilianza 1943, ya matabibu wa medani 1965, halafu fani nyingine wakasubiri hadi 2019 kupata mtihani wao wa aina hiyo. Na ni mtihani kweli: kutafuta njia kwa ramani na dira mchana na usiku, silaha, huduma ya kwanza, kisha maili 12 na mzigo mgongoni ndani ya saa 3. Wengi wanatoka kapa. Ndiyo maana anayeivaa anaheshimiwa.

Sisi wa Moshi tunaoamka na mlima dirishani, mimi ningeanza na beji ya milimani. Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera ya Tanganyika na mwenge wa uhuru kileleni Kilimanjaro Desemba 1961, mita 5,895 huko juu. Kuokoa mtu kwenye baridi ile na hewa hafifu ni ujuzi wa peke yake, gwaride haliupimi.

Mafundi magari na wapishi nao wapimwe. Lori likizama kwenye tope masika, fundi ndiye jenerali hapo!

Ninachokataa ni beji ya kuhudhuria kozi ya siku mbili yenye chai na sambusa. Vyeti vya semina tunavyo vya kutosha. Tena iwe na muda: ukiisha, rudia mtihani au uivue.